Kusahihisha kazi mradi ya takwimu: anza na karatasi chafu, bango baadaye

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Hisabati darasa la sita kundi moja la wanafunzi liliniletea bango ambalo bado nalikumbuka. Manila ya bluu, mihimili sita iliyopigwa kwa rula, rangi haijavuka mstari hata mahali pamoja, na juu yake maneno: "Matunda Yanayopendwa na Wanafunzi wa Shule Yetu". Nikawapa 19 kati ya 20. Ile moja niliipunguza kwa mazoea tu, maana mwalimu ukitoa zote unajihisi umeibiwa.

Wiki iliyofuata, nikiwa zamu, nilimkuta mmoja wa kundi lile kwenye foleni ya uji. Nikamuuliza kwa mzaha: hao wenzenu 14 waliochagua tufaha ni akina nani? Akaangalia chini, akacheka. Kata ile haikuwa na genge hata moja linalouza matufaha. Ilikuwa Novemba, miembe imeinama kwa matunda, na bango linasema embe limependwa na watu 3! Namba zilitoka kwenye mfano wa kitabu cha zamani, na aliyechora alikuwa dada wa mmoja wao aliye sekondari. Hakuna mtu aliyeulizwa chochote.

Kosa lilikuwa langu kuliko lao. Nilitangaza kazi ya kukusanya takwimu, kisha nikasahihisha uchoraji. Tangu hapo nimebadili utaratibu mara kadhaa, na huu ndio ninaoutumia sasa. Nimeuandika kwa ajili ya walimu wa darasa la tano hadi la saba na kidato cha kwanza huku Tanzania, lakini wenzetu wa Gredi 7 hadi 9 Kenya watauona unawafaa pia, kwa sababu watoto ni wa umri uleule na hila ni zilezile.

Hatua ya 1: Gawa alama kabla hujatoa kazi

Mwanafunzi hufuata alama zilipo. Ukimwambia "fanyeni utafiti mniletee bango", ameshaelewa kwamba bango ndilo lenye thamani. Kwa hiyo siku ya kwanza naandika mgawanyo ubaoni, nao wanaunakili kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari la mradi:

Swali na hojaji: alama 6
Namna ya kuchagua wahojiwa: alama 5
Karatasi ya uwandani: alama 9
Jedwali na hesabu: alama 7
Grafu: alama 3
Hitimisho: alama 5
Majibu ya mdomo, ya kila mtu peke yake: alama 5

Jumla ni 40. Grafu ina 3 tu, na kila mwaka kuna mtoto mwenye kipaji cha kuchora anayelalamika. Namwelewa, lakini sibadilishi. Kuchora mihimili nampima kwenye zoezi la darasani ambalo namba zake natoa mimi. Kwenye mradi nataka nione namba zimetoka wapi.

Alama 35 za juu ni za kundi, 5 za mwisho ni za mtu. Makundi yawe ya watu watano, yasizidi hapo. Kundi la watu kumi lina wafanyakazi watatu na wasindikizaji saba.

Hatua ya 2: Sahihisha swali kabla hawajatoka nje ya darasa

Hatua hii wengi tunairuka, na ndiyo inayookoa kazi. Swali likiwa bovu, kila kinachofuata ni bovu hata kikihesabiwa vizuri namna gani. Kwa hiyo alama 6 za hojaji nazitoa mapema, kundi likiwa bado halijauliza mtu, na nawaruhusu kurekebisha mara moja. Hakuna kwenda uwandani bila saini yangu.

Natazama mambo haya kwenye kila swali.

Kwanza, je, watu wawili tofauti wataelewa kitu kimoja? "Je, unapenda michezo?" ni swali la bure: karibu kila mtu atajibu ndiyo, na hujui amekusudia kucheza, kutazama au kushangilia. "Jana baada ya shule ulicheza mchezo gani?" lina siku, lina kitendo, na mtu anaweza kulijibu bila kubuni. Kwa watoto, "jana" na "leo" ni maneno salama kuliko "kwa kawaida" au "kila siku".

Pili, machaguo ya majibu. Watoto huandika dakika 0–10, 10–20, 20–30. Aliyetembea dakika 10 aende wapi? Mara nyingi mwanafunzi haoni tatizo mpaka umwambie simama, nijibu wewe, umetumia dakika 10 kamili, weka alama. Anasimama na kalamu hewani. Hapo amejifunza makundi yasiyoingiliana kuliko ningemweleza kipindi kizima. Lazima pia kuwe na nafasi ya "nyingine", maana kuna mtoto huja shule na mtumbwi au amepakiwa kwenye mkokoteni wa punda, na hojaji isiyo na nafasi yake itamlazimisha aseme uongo.

Tatu, kipimo. Kundi moja liliuliza: "Jana nyumbani kwenu mlitumia ndoo ngapi za maji?" Swali zuri, na linahusu maisha yao. Ila ndoo ipi? Kuna ya lita 10, kuna ya lita 20, kuna dumu la lita 20 ambalo wengine nao huliita ndoo. Nyumba iliyosema ndoo 6 ndogo na iliyosema ndoo 6 kubwa zimeandikwa sawasawa, ilhali moja imetumia maji mara mbili ya mwenzake. Kundi lile lilirudi na suluhisho lao wenyewe: lilibeba ndoo ya lita 10 mkononi, likawa linaionyesha na kuuliza "za ukubwa huu ngapi?" Niliwapa 6 kati ya 6, na sikutafuta sababu ya kupunguza moja.

Nne, swali linalovuta mtu upande mmoja. "Je, huoni kwamba mpira wa miguu ni mzuri kuliko netiboli?" Muulizaji ameshajibu.

Tano, na hapa sina mjadala: maswali yanayoumiza. "Asubuhi umekula nini?" linaonekana jepesi, lakini darasani kuna mtoto ambaye hakula, na atasimama mbele ya rafiki zake akibuni chai na chapati. Sasa una takwimu za uongo na mtoto aliyeaibika, vyote kwa swali moja. Mapato ya wazazi, magonjwa, dini ya mtu, nani analala na nani nyumbani, hayo siyaruhusu. Ukitaka kitu cha chakula, uliza "ukipewa kuchagua, ungependa nini: uji, chai, maziwa, nyingine?"

Na majina ya wahojiwa hayaandikwi kwenye karatasi ya majibu. Kila mhojiwa anapewa namba. Orodha inayoonyesha namba 7 ni nani naitunza mimi kwenye kabati, na utaona chini ni ya nini.

Hatua ya 3: Waambie wakueleze nani wamemwacha

Kuchagua wahojiwa ni mahali ambapo mwalimu anaweza kudai makubwa mno kwa mtoto wa miaka 12. Simdai anipe sampuli ya kitaalamu. Namdai ajue kwamba aliowauliza si wote, na aweze kusema walioachwa ni wa aina gani.

Wakiachwa wenyewe, wanauliza marafiki. Kundi la wavulana litauliza wavulana, tena uwanjani, kisha litaandika kwamba asilimia 80 ya shule inapenda mpira. Ukiuliza getini saa moja kasoro asubuhi, utawapata wanaowahi tu, na wanaoishi mbali hutawaona kwenye takwimu zako za umbali.

Njia rahisi ninayowafundisha ni ya rejista. Tuseme shule ina wanafunzi 612 na kundi linataka wahojiwa wapatao 50. Gawanya 612 kwa 50, unapata 12 na kitu. Andika namba 1 hadi 12 kwenye vikaratasi, kunja, weka kwenye kikopo, mmoja achague bila kuangalia. Ikitoka 5, anza na jina la tano kwenye rejista, kisha la 17, la 29, na kuendelea hadi mwisho. Ukifika darasani ukakuta mtoto wa 29 hayupo leo, humchukui jirani yake. Unaandika "hayupo" na kesho unarudi.

Alama 5 nazitoa hivi. Aliyeuliza marafiki na hajui kwamba ni tatizo, 1. Aliyeuliza marafiki lakini ameandika wazi "tuliuliza darasa letu tu, wadogo hatukuwauliza", 3. Aliyetumia njia yoyote ya kubahatisha kwa haki na akaandika waliokosekana, 5. Watu hushangaa kwamba kukiri upungufu kunaleta alama. Sijui kwa nini wanashangaa. Tukimfundisha mtoto kuficha upungufu tutapata mabango ya matufaha.

Hatua ya 4: Karatasi ya uwandani

Hapa ndipo pana uzito. Karatasi ya uwandani ni ile waliyokuwa nayo mkononi wakiuliza: imekunjwa, ina vumbi, pengine tone la mchuzi. Inakusanywa pamoja na kila kitu, na nasahihisha hii kwanza kabla sijafungua bango. Hainakiliwi upya "ili ipendeze". Iliyonakiliwa upya inapoteza alama 3 papo hapo, na hilo wanalijua tangu siku ya kwanza.

Ndani yake natafuta tarehe na mahali pa kila mkupuo wa maswali, namba za wahojiwa zinazofuatana, majibu kama yalivyotoka mdomoni, na vijiti vya kuhesabia: vinne vimesimama, cha tano kimevikata. Natafuta pia waliokataa kujibu.

Sasa, kupika takwimu. Kila mwalimu anakutana nako, na dalili si zile tunazozifikiria kwanza.

Tazama wino. Wahojiwa 50 waliohojiwa kwa siku tatu hawaandikwi kwa kalamu moja, mwendo mmoja, mwandiko usiochoka. Halafu tazama kama kuna aliyekataa, aliyejibu nje ya mada, aliyejibu mawili. Watu halisi hawana adabu hiyo ya kujibu wote, tena kwa ufasaha. Karatasi yenye wahojiwa 50 na majibu 50 safi inanitia shaka kuliko yenye 50 na majibu 46. Kisha kuna jumla: 20, 10, 10, 5, 5. Inawezekana, ila nitauliza.

Lakini usikimbilie kumhukumu mtoto kwa sababu namba zake zimejaa sifuri na tano. Wakati mmoja nilikaribia kumwonea binti aliyeleta dakika za kutembea hadi shule: 10, 15, 30, 30, 20, 15, 10, 45, 30. Nikasema hizi zimepikwa. Kumbe ni kinyume. Mtu asiye na saa ukimuuliza dakika ngapi, atakujibu robo saa, nusu saa, dakika kumi. Wanaoshughulika na sensa wanaijua tabia hii tangu zamani: watu wakiulizwa umri, wengi wasio na hakika husema miaka inayoishia na 0 au 5, na kipo hata kipimo maalumu cha kuona wamerundikana kiasi gani, kiitwacho kipimo cha Whipple. Kwa hiyo dakika zilizorundikana kwenye 10, 15 na 30 ni dalili ya watu halisi. Anayeniletea 11, 13, 17, 22, 26, 19 kwa watoto wasio na saa, huyo ndiye nitakayemwita mezani.

Yule binti nilimpa alama zake, pamoja na samahani.

Njia ya uhakika kuliko kubahatisha ni kurudia. Natoa ile orodha kabatini, nachagua wahojiwa watatu wa kila kundi, nawauliza: kuna mtu alikuja kukuhoji? Ulijibu nini? Inachukua mapumziko moja ya chai. Wanatakwimu nao hufanya hivi baada ya sensa, hurudi kwenye baadhi ya maeneo kuhesabu tena ili wajue waliruka wangapi. Wakikuta wanafunzi kwamba mwalimu anarudia kweli, mwaka unaofuata hawapiki, au wanapika kidogo. Jibu likibadilika kidogo si hoja, watu hubadili mawazo. Mhojiwa akisema hajawahi kuulizwa, hapo tunazungumza na kundi lote, na karatasi ya uwandani inapata 0 kati ya 9. Sehemu nyingine nazisahihisha kama kawaida.

Hatua ya 5: Jedwali na hesabu

Hapa tuko nyumbani, ni Hisabati tuliyoizoea, kwa hiyo nitataja yale tu ninayoona yanasahihishwa vibaya.

Chukua kundi lililouliza wanafunzi 48: leo umekuja shule kwa njia gani? Miguu 27, daladala 9, bodaboda 6, baiskeli 4, gari la nyumbani 2. Kwanza hesabu vijiti mwenyewe kwenye karatasi ya uwandani. Vikitoa 26 badala ya 27, punguza alama moja hapo, halafu endelea kusahihisha yaliyobaki kwa kutumia namba yao. Usimwadhibu mtoto mara tano kwa kosa moja. Kama amegawa sawasawa na kuzidisha sawasawa kwa namba aliyokosea kuhesabu, njia yake ni sahihi na alama ya njia ni yake.

Kwa grafu ya duara, pembe zinatoka vizuri: miguu nyuzi 202.5, daladala 67.5, bodaboda 45, baiskeli 30, gari 15, jumla 360. Kwa asilimia hazitoki vizuri. Ukikadiria hadi nafasi moja ya desimali utapata 56.3, 18.8, 12.5, 8.3 na 4.2. Zijumlishe: 100.1. Wengine wanapunguza alama hapo kwa sababu "lazima iwe 100". Wakati huohuo mwanafunzi mwingine amebadilisha 56.3 kimyakimya ikawa 56.2 ili jumla ikae sawa, naye anapewa zote. Mimi nafanya kinyume. Aliyeacha 100.1 na kuandika pembeni kwamba imetokana na kukadiria, huyo ameelewa.

Kosa jingine limeongezeka tangu programu za kompyuta na vishikwambi viingie. Mwanafunzi anaipa miguu namba 1, daladala 2, bodaboda 3, kisha anabonyeza na kuleta wastani wa 1.9. Wastani wa nini? Njia ya usafiri haina wastani, ina inayojitokeza zaidi, basi. Hili hupoteza alama 2 hata kama kugawanya ni sahihi, na hurudi na swali langu kwa wino mwekundu: "1.9 ni chombo gani cha usafiri?"

Kisha wastani wenyewe, pale unapofaa. Turudi kwenye ndoo. Nyumba kumi zilijibu: 3, 4, 4, 5, 5, 6, 6, 7, 8, 32. Jumla 80, wastani 8. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini nyumba tisa kati ya kumi hazizidi wastani huo, na nane ziko chini yake. Nyumba ya 32 ni ya mama anayeuza chakula, anaosha sahani mchana kutwa. Thamani ya katikati ni 5.5, na hiyo ndiyo inayofanana na nyumba ya kawaida ya pale.

Mwanafunzi anaweza kufanya mambo matatu na 32. Kuiacha na kuandika wastani 8 bila neno: alama za hesabu anapata, za uelewa hapati. Kuifuta kimyakimya apate 5.3: hapo napunguza, tena zaidi, kwa sababu amemfuta mtu aliyemjibu. Kuiacha, kueleza ni ya nani, na kutoa wastani pamoja na thamani ya katikati: alama zote. Wapo wachache wanaofanya hivyo bila kufundishwa. Wengine inabidi uwaulize kwanza, na hatua ya 7 ni ya hao.

Hatua ya 6: Grafu

Alama 3, dakika mbili. Kichwa na majina ya mihimili, 1. Kipimo kinaanzia sifuri na kinapanda kwa hatua sawa, 1. Grafu inalingana na jedwali, 1. Kwa grafu ya picha, angalia kama picha zote zina ukubwa mmoja. Mtoto akichora basi kubwa na baiskeli ndogo, macho yatadanganyika hata kama idadi ya picha ni sahihi. Rangi, marka peni na kumetameta havina alama.

Hatua ya 7: Hitimisho, na mazungumzo ya dakika tano

Hitimisho nalisoma nikitafuta kitu kimoja: je, maneno yamezidi namba? Wale 48 wakiandika "wanafunzi wengi Tanzania hutembea kwenda shule", hiyo ni 1 kati ya 5. "Zaidi ya nusu ya wanafunzi 48 tuliowauliza shuleni kwetu walitembea siku hiyo" ni 4. Ya tano nampa atakayeongeza neno kuhusu siku yenyewe, kwa mfano kwamba mvua ilinyesha na bodaboda zilikuwa chache. Tahadhari pia na sababu za kubuni. "Wanaotembea wanafeli kwa sababu wanachoka" halikuulizwa popote kwenye hojaji, limetoka kichwani.

Ninapoeleza jambo hili darasani natumia sensa, kwa sababu wote wanaikumbuka au wamesimuliwa. Tarehe 23 Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima, na hesabu ikatoka watu 61,741,120. Hiyo unaweza kusema "Tanzania", kwa kuwa ilikusudia kumhesabu kila mtu. Nyinyi mmeuliza 48. Na vile vishikwambi vya makarani, vingi viligawiwa walimu baadaye, kwa hiyo mara nyingine nakinyanyua kimoja mezani nikiwaambia chombo hiki huenda kilishawahi kumuuliza babu yako swali.

Halafu mdomo. Naita kundi moja, dakika tano, na kila mtu anajibu swali lake bila kusaidiwa. Kiongozi wa kundi anajibu wa mwisho, akitangulia wengine watarudia maneno yake. Maswali yangu hayabadiliki sana:

"Mhojiwa gani alikusumbua, na mlifanyaje?"
"Hiki kijiti hapa kimefutwa. Kwa nini?"
"Ungeanza upya kesho, swali gani ungelibadili?"
"Nani hakuulizwa, na angejibu tofauti?"

Aliyekwenda uwandani hujibu haraka, tena kwa hadithi ndefu kuliko ulivyoomba: mbwa, mzee aliyewafukuza akidhani wanauza tiketi, mtoto wa darasa la kwanza aliyejibu "ndiyo" kwa kila kitu. Asiyekwenda husema "tuliuliza vizuri tu, mwalimu".

Najua utasema darasa lako lina watoto 90. Langu pia. Makundi 18 kwa dakika tano ni dakika 90, yaani vipindi viwili na dakika kumi za kuiba kwenye mapumziko. Wengine wanafanya zoezi la kitabu wakati huo. Ukishindwa kabisa, uliza watu wawili wa kila kundi kwa kura, na waambie mapema kwamba hakuna anayejua kura itamwangukia nani.

Hatua ya 8: Linganisheni mkono, kisha rudisheni kazi

Kama shule ina mikondo miwili, kabla ya kusahihisha zote chukueni kazi tatu, kila mwalimu asahihishe peke yake bila kuandika juu ya kazi, kisha mkae na mwalimu wa taaluma mlinganishe. Mkitofautiana zaidi ya alama 4 kwenye 40, maelezo ya vigezo hayajakaa sawa, yarekebisheni. Mara ya kwanza mimi na mwenzangu tulitofautiana kwa 9, yote kwa sababu yeye aliipenda manila.

Kwa walimu wa Kenya wanaotumia ngazi nne badala ya alama, tafsiri yangu ya karatasi ya uwandani ingekuwa hivi. Anayezidi matarajio ana majibu yote ya asili, ameandika waliokataa na ameeleza tatizo alilokutana nalo. Anayeyafikia ana majibu ya asili na vijiti vinavyolingana na jedwali. Anayeyakaribia ana karatasi lakini imenakiliwa upya au haina tarehe. Aliye chini ya matarajio ana bango tu.

Kazi ikirudi kwa mwanafunzi, usiandike "vizuri, ongeza bidii". Andika jambo moja analoweza kulifanya wiki hiyo: "Rudi kwa mhojiwa namba 19, muulize tena kwa ndoo ya lita 10", au "Panga dakika zako upya bila makundi kuingiliana, niletee Ijumaa". Akileta, mwongezee alama hadi 2.

Karatasi za uwandani usizirudishe. Ng'oa orodha ya majina uichane, ziweke zilizobaki kwenye bahasha, andika darasa, mwaka na swali lililoulizwa, zifungie kabatini. Mwakani, kabla darasa jipya halijatunga hojaji zake, lipe bahasha hizo lihesabu vijiti upya. Waambie kuna makosa mawili ndani. Ukweli ni kwamba huwa ni zaidi ya mawili, na watayaleta yote.